Petronilla na Ua la Njuga

Jembe lilikuwa langu. Nalisema mapema, asije akatokea mtu wa kudai kwamba Mama Brayo alisimulia ya Petronilla na kuyafunika yake mwenyewe.

Mimi ni fundi wa nguo hapa Malaba, upande wa Kenya. Cherehani yangu iko barazani, na ukikaa pale unaona mambo mawili: foleni ya malori yanayongoja kuvuka kwenda Uganda, na uwanja wa Petronilla Amuge. Malori nilishayazoea. Petronilla sijamzoea hadi leo, ingawa tumekuwa majirani miaka ishirini na miwili. Ni Mteso wa Angurai, mrefu, mkavu, mjane wa marehemu Okwakol. Anapika chapati na maharagwe na kuwauzia madereva, na dereva akilalamika kwamba chapati ni ndogo, humtazama toka kichwani hadi miguuni, kisha humwambia, "Si ndogo. Ni wewe tumbo yako ni kubwa." Kesho yake dereva yuleyule anarudi kula.

Ulimi ule ndio uliomtia hasara. Lakini nianze na ua, kwa sababu bila ua hakuna hadithi.

Mimi si mtu wa maua. Kwetu Bumala mmea usioliwa na mtu wala ng'ombe tunauita gugu, na gugu dawa yake ni jembe. Hili la Petronilla ni la porini, ndugu wa kunde na maharagwe. Majani yake ni matatumatatu kama ya mboga ya mitoo, ila halipikwi. Likichanua linatoa maua ya njano yaliyopangana kwenye kijiti, yenye mishipa myekundu ndani. Kisha hufunga maganda manene, na maganda yakikauka mbegu huachia ndani na kulia zikitikiswa. Jina lake la Kiteso alinitajia mara nyingi na mara nyingi nikalisahau, kwa hiyo sisi wawili tuliliita ua la njuga.

Huko Angurai lilikuwa likiota kando ya mwamba mkubwa nyuma ya jikoni kwa mama yake, Asekenye. Baba yake Petronilla alikuwa mtu wa ng'ombe na alilichukia, maana ndama akililamba sana husimama ameinamisha kichwa siku nzima. Kila alipoliona aliling'oa. Asekenye, ambaye hakuwa mtu wa kubishana, alimwambia mara moja tu: "Ng'oa kote. Hapa kwa mwamba usiguse." Likabaki pale peke yake. Mvua zikiisha aliyachuma maganda makavu, akawafunga mabinti zake miguuni, nao wakacheza juu ya mwamba huku yeye anapepeta wimbi.

Petronilla akisimulia, akifika hapo sauti yake hushuka. Alikuwa anamlilia mama yake, si maua. Mtu wa miaka hamsini na tisa anaweza kumlilia mama yake, msicheke.

Asekenye alipokufa, ndugu waliuza mwamba. Ulipasuliwa ukawa kokoto. Petronilla alikwenda kwa ibada ya ukumbusho mwaka uliofuata, akakuta shimo lina maji ya kijani na akina mama wamekaa kandokando wanaponda mawe kwa nyundo. Hakwenda kanisani. Alipekua kwenye vifusi kwa mikono hadi jua likaelekea kushuka, na chini ya rundo moja akapata tawi kavu lenye maganda manne. Alirudi Malaba na mbegu kumi na tisa zimefungwa kwenye ncha ya leso. Aliniita nizihesabu naye, kana kwamba yeye hajui kuhesabu.

Alipanda sita karibu na zizi, akazilaza kwenye samadi. Sisi watu wa huku, kitu tukikipenda tunakitia samadi. Zikatoka na majani mapana, meusi kwa afya, na mvua kubwa ya kwanza ilipopiga zikaoza shingoni zote sita. Akapanda nyingine sita kwenye mikebe ya mafuta chini ya mparachichi, vumbi la malori lisizifikie. Kivulini pale zikarefuka, nyembamba, zinapinda kutafuta jua. Alipozihamisha zikafa ndani ya wiki moja. Zikabaki saba, na kwa mwaka mzima Petronilla aliogopa kuzigusa.

Kisha siku moja akiwa anakanda unga alisimama ghafla na kuniita kwa sauti. "Mama Brayo! Mama alikuwa anasugua!" Alikuwa amemkumbuka mama yake amepiga magoti kwenye jiwe la kusagia, anasugua mbegu taratibu kwa kiganja mpaka ganda lake gumu linapoteza mng'ao, kisha anazitia kwenye maji vuguvugu hadi asubuhi. Iliyovimba inapandwa. Iliyokataa inasuguliwa tena. Na inapandwa pale pale itakapoishi, kwa sababu mzizi wake unakwenda moja kwa moja chini kama kisima na haukubali kuhamishwa. Jua toka asubuhi hadi jioni, udongo mkavu wenye mawe, samadi hapana, na maji ni mwezi wa kwanza tu.

Alisugua zote saba. Mbili ziliota. Mche mmoja ulidonolewa na kuku, na kuku huyo tulimla Jumapili. Ukabaki mche mmoja, penye kokoto walizoacha wajenzi wa barabara, karibu na lango. Petronilla aliuzungushia mawe.

"Itachanua lini?" nilimuuliza.

"Mama alisema miaka tatu. Ya kwanza inachimba chini, ya pili inachimba chini, hiyo ya tatu ndio inakumbuka kuna juu."

Mwaka wa pili ndipo mwanawe Emorut alipomleta Vivian.

Emorut ni dereva wa lori, anakwenda hadi Juba, na mtoto wa pekee. Vivian alikuwa binti wa Ojiambo, mvuvi wa Port Victoria, msichana mnene wa mashavu, mwepesi wa mikono. Kiteso hakujua. Lugha yake na yangu zinaelewana kiasi, kwa hiyo mambo ya moyoni aliniletea mimi barazani, na kwa mama mkwe akabaki na Kiswahili, kila mmoja akikivunja kwa namna yake. Neno moja tu la Kiteso alilishika siku ya kwanza: Toto, ndivyo wanavyomwita mama. Alilitamka vibaya, Petronilla akacheka hadi akakaa chini. "Sema tena," akamwambia. Petronilla hakuwahi kuzaa binti, na nilimwona akijifunza kuwa na binti kama mtu anayejifunza kuendesha baiskeli uzeeni, anayumba na anafurahi.

Kwetu huku mke mpya huamka kabla ya jogoo na kufagia uwanja wa mama mkwe mpaka ardhi inang'aa. Unyasi mmoja ukibaki, watu husema aliyeletwa ni mgeni, si mke. Vivian alifagia hivyo kila siku ya Mungu, na alipofika kwenye mche wa Toto alizunguka mawe kwa uangalifu, maana alishasimuliwa habari za mwamba na njuga. Alipopata mimba, Petronilla alisema lile ua likichanua na kukauka, maganda yatakuwa kayamba ya mtoto.

Mwezi wa Agosti mimba ilitoka, ikiwa na miezi saba. Mtoto alikuwa wa kike. Vivian alirudi kutoka hospitali, na kesho yake alfajiri nikasikia ufagio. Niliona vibaya, lakini sikuvuka barabara. Kwa kweli watu hatukusema kitu. Petronilla alimpikia uji wa wimbi siku arubaini, alimsuka nywele, alimfulia. Yule mtoto hakumtaja, na Vivian naye hakumtaja.

Mwaka ule ukame ulianza mapema. Mche ukanyauka, ukaangusha majani, na kufikia Desemba vilibaki vijiti vya kijivu, ukivigusa vinakatika. Petronilla alitoka kila asubuhi akavitazama, akarudi ndani.

Siku mbili kabla ya Krismasi Petronilla alikwenda sokoni. Wajomba wa Emorut walikuwa wanakuja. Vivian akavuka barabara. "Mama Brayo, niazime jembe. Yetu imetoka mpini." Nilikuwa na sketi kumi na nne za kwaya za kumaliza. Nilimwelekezea kwa kidole cha mguu, bila kuinua macho. Ningeyainua, ningeuliza jembe la nini kwenye uwanja usio na unyasi hata mmoja.

Aliyaondoa mawe, akachimba, akavitia vijiti kwenye moto wa takataka, akasawazisha, akafagia. Ungepita usingejua palikuwa na kitu.

Petronilla aliporudi alisimama langoni na kikapu kichwani. Niliacha kukanyaga cherehani. Alitazama pale chini, akatazama moto, akamtazama Vivian aliyeshika jembe langu. Ndipo aliposema, na alisema kwa sauti ambayo hata madereva waliisikia:

"Hiyo mikono yako! Kila kitu inashika inakufa!"

Vivian alivuka barabara, akaliegemeza jembe kwenye nguzo ya baraza yangu polepole sana, akaniambia asante. Siku ya Krismasi alipika, akawanawisha wajomba mikono, akawapakulia. Siku iliyofuata aliondoka na mkoba mdogo. Hata ndara zake za bluu aliziacha nyuma ya mlango.

Emorut alirudi kutoka Juba baada ya wiki mbili, akaenda Port Victoria, akarudi peke yake. "Anasema hana shida na mimi," alimwambia mama yake. "Anasema wewe ndio uende."

Sasa hapo ni desturi. Mke akirudi kwao kwa hasira, wazee wa mume ndio huenda kumchukua. Mama mkwe haendi. Akienda amejivua nguo. Kwa hiyo akaenda shemeji yake Petronilla, Methuselah, na wazee wawili. Walipewa chai, walipewa samaki, walipewa heshima yote, na walirudi na jibu lile lile: Toto mwenyewe.

Walimletea jibu hilo uwanjani, mbele ya watu. Petronilla alisimama na kuwaambia, "Sawa. Siku ile maua itachanua, siku hiyo nitaenda."

Wazee walitazamana. Ua lilikuwa limechomwa, mbegu zilikuwa zimekwisha, mwamba ulikuwa kokoto. Alikuwa amesema haendi kamwe, ila kwa maneno marefu. Na neno lililosemwa mbele ya wazee wa mume halirudishwi mdomoni.

Mvua za masika zilifika mwisho wa mwezi wa tatu. Wiki ya pili ya mvua nilikuwa nafukuza mbuzi wa watu pale langoni, nikaona ncha tatu nyekundu zimepasua ardhi. Niliinama. Zilikuwa na majani matatumatatu, yamekunjwa bado. Nilipiga kelele hadi Petronilla akatoka mbio na mwiko mkononi akidhani nimegongwa na lori.

Alipiga magoti kwenye matope. Akaanza kulia na kuongea pamoja. "Kumbe huko juu ndio inakufa. Kila mwaka inakufa! Mimi nilikuwa nacheza hapo na sikujua. Hapo kwa mwamba hakuna mtu alikuwa anafagia."

Ndiyo hivyo. Kando ya mwamba vijiti vikavu vilichukuliwa na upepo, na mbuzi, na watoto, na mvua ilipokuja vipya vilitoka, na hakuna aliyehesabu. Ilihitaji uwanja unaofagiwa kila siku ndipo mtu aone ua linakufa. Vivian alikuwa amekata kilichokwisha kufa, na mzizi hata hakuufikia.

"Basi nenda Port Victoria," nilimwambia.

Alifuta machozi kwa mgongo wa mkono. "Nilisema ikichanua. Imechanua?"

"Kiburi si maungwana, Mama Emorut."

"Enda ushone."

Nikaenda nikashona. Ningefanyaje?

Mwaka ule halikuchanua. Labda jembe lililegeza kitu, labda lilianza kuhesabu upya. Mwaka wa pili lilifika magotini, likawa na majani mazuri, na halikuchanua. Petronilla hakulitia samadi wala maji. Asubuhi alilizunguka, akang'oa nyasi kwa vidole, akafukuza kuku. Desemba ilipolikausha hakuogopa tena, alivikata vijiti kwa kisu akayarudisha mawe.

Petronilla hakumtaja Vivian kabisa. Lakini kila Jumamosi alizitoa zile ndara za bluu nyuma ya mlango, akaziosha vumbi, akazianika, akazirudisha. Wakija wachuuzi wa samaki kutoka Port Victoria siku ya soko, alinunua omena asizohitaji na kuwauliza, "Huko kwenu mvua imenyesha?" Wakisema imenyesha, anauliza, "Na watu ni wazima?" Wakisema ni wazima, anatulia. Hakuthubutu kuuliza mtu gani. Nilikuwa namtazama akifunga zile omena kwenye gazeti na moyo ulikuwa unaniuma, na hasira pia nilikuwa nayo, maana kutoka hapa hadi kule ni safari ya asubuhi moja.

Siku moja nilimuuliza kama amemkumbuka Vivian. Alikuwa anageuza chapati. "Asubuhi," alisema. "Nikisikia ufagio wa majirani." Akageuza nyingine. "Nafikiri ni yeye."

Wakati huo Emorut alichoka kungoja, akapata mwanamke mwingine Busia, akapanga nyumba huko. Alikuja kumwambia mama yake huku ameshika kofia. Petronilla hakumlaumu. Alimpa chai, na alipoondoka akaniambia, "Hii ni yangu. Si yake."

Mwaka wa tatu, mwezi wa tisa, niliamka nikamwona amesimama langoni, unga umemkauka mikononi. Nilivuka. Vijiti vitano vilikuwa vimewaka njano toka chini hadi juu, na nyuki weusi wakubwa wanaingia na kutoka. Sikujua kwamba kitu cha porini kinaweza kuwa kizuri hivyo. Mimi niliyeita kila kitu gugu, niliinama nikanusa.

"Limechanua," nikasema mwisho.

"Nimeona."

"Basi leo tunaenda."

Petronilla alitazama barabara. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeitwa na daktari. "Sasa nitaenda aje, Mama Brayo? Nitasema nini?"

Hapo nilielewa, na nadhani naye alielewa. Miaka yote ile hakuwa akilingoja ua. Alikuwa amejificha nyuma yake.

Akasema tungoje maganda yakauke, asiende mikono mitupu. Nikamtukana kidogo, kwa heshima. Tukangoja. Mwisho wa Novemba maganda yalikuwa makavu, na upepo wa lori ukipita yalilia. Aliyachuma yote, akayafunga kwenye leso, akaja barazani amevaa gauni nililomshonea Pasaka.

"Jembe ilikuwa yako," akaniambia.

Miaka mitatu alikuwa hajalitaja. Nikaona haya hadi masikioni. "Ilikuwa yangu."

"Basi twende wote."

Njia nzima, kutoka Busia hadi Bumala na kutoka Bumala kushuka ziwani, alikuwa anajifunza hotuba yake midomoni kama mtoto wa katekisimu. Port Victoria tulipanda boda boda mbili hadi kwa Ojiambo. Mama yake Vivian, Roselyn, alitupokea vizuri, lakini hakuuliza tumekuja kwa nini, akamtuma mtu ufukweni. Tulikaa kwenye viti vya plastiki, mbele yetu omena zimeanikwa kwenye nyavu, jua kali, harufu imejaa hadi kwenye chai.

Vivian alikuja na beseni kichwani. Alikuwa amekonda mashavu na kupanuka mabega. Ana meza yake ya samaki sasa, na wachuuzi wanamsikiliza. Alitua beseni, akanawa, akapiga goti kidogo, akatusalimia kwa mikono miwili.

"Karibu, mama," alimwambia Petronilla. Mama, si Toto. Nilimwona Petronilla akilipokea neno hilo, na hotuba yote ikapotea.

Alifungua leso tu, akaiweka mapajani mwa Vivian. Maganda yakalia.

"Ilirudi," akasema. "Haikuwa imekufa. Wewe hukuua kitu, Vivian. Hata siku moja. Mimi nilisema kitu mbaya, na nilijua ni mbaya nikiwa bado nasema."

Vivian aliyashika maganda, akayatikisa kidogo, akaacha. "Mimi niliona imekufa, mama," alisema. "Nilikuona unatoka kila asubuhi unaangalia. Mimi nilikuwa najua vile hiyo inauma, kuangalia kitu imekufa. Sikutaka uione hadi Krismasi. Ndio nikatoa."

Mimi nilitazama samaki. Kumbe ndivyo ilivyokuwa, na katika watu wote wa Malaba, wazee kwa vijana, hakuna aliyewahi kumuuliza. Mimi niliyekuwa na lugha yake sikumuuliza.

Petronilla alikuwa analia bila kufunika uso. Vivian alimwacha alie. Kisha akauliza, taratibu, bila ukali, "Na mama, ulikuwa unangoja hii?"

"Nilikuwa nimesema mbele ya wazee."

"Miaka tatu?"

"Miaka tatu."

"Mimi sikutaka maua." Aliifunga leso tena. "Ungekuja tu. Hata ungekuja kunigombeza, ningefurahi. Kila siku boda ikisimama hapo njiani naangalia. Hata leo nimeitwa, nimesema ni mchuuzi."

Petronilla alinyoosha mikono yake migumu ya kukanda unga akaishika ile mikono aliyoitukana, akaiweka hivyo mapajani mwake, na Vivian hakuivuta.

"Siwezi kurudi," Vivian alisema baadaye. "Emorut ako na mtu."

"Najua. Sijakuja kwa sababu ya Emorut."

Tulikula samaki. Baada ya kula Vivian aliinuka mwenyewe, akauliza ua linataka nini. Petronilla akawa mtu mwingine. Alizunguka nyumba akitazama jua, akapita penye kivuli cha mpapai, akapita penye majivu na matumbo ya samaki, "hapa ni tamu sana, itaoza," akasimama nyuma ya jikoni penye mchanga na vijiwe. "Hapa." Walipiga magoti kwenye kizingiti cha jikoni wakasugua mbegu pamoja kwenye saruji, Petronilla anaonyesha, Vivian anasugua sana, Petronilla anamkamata kifundo: "Polepole. Unaamsha, hauchinji." Wakazitia kwenye kikombe cha maji vuguvugu, zipandwe kesho yake.

"Na ikikauka juu," Vivian akasema, "najua. Sitagusa."

"Gusa. Ukitaka kukata, kata. Uhai haiko huko juu."

Jua lilikuwa linaanza kupungua tulipoaga. Roselyn alitufungia samaki watatu. Vivian alitusindikiza hadi barabarani. Petronilla akatoa kwenye mkoba zile ndara za bluu, safi kama zimetoka dukani, akampa bila kumtazama. Boda ikaja. Alipokuwa anapanda akasema, kwa ile sauti yake ya kujikaza, "Basi nitakuja kuiona ikichanua."

Vivian alimshika mkono, akamzuia mguu ukiwa bado hewani. Kwa mara ya kwanza siku ile alitabasamu, na machozi yapo.

"Toto, hapana," akasema. "Usingoje ichanue."

Mwezi uliofuata tulikwenda tena. Mbegu tatu zilikuwa zimeota nyuma ya jikoni, lakini tulikwenda kuziona baada ya chai.